Rangi ya Mlango Iliyoingia Damuni

Mwanangu hakuandikiwa sindano wala vidonge. Daktari aliisoma karatasi ya majibu ya damu mara mbili, akavua miwani, akaniambia, "Mama, dawa ya huyu mtoto iko kwako nyumbani. Tafuteni sumu inatoka wapi muiondoe. Yaliyobaki mwili wake utayafanya wenyewe." Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya mama mwingine ambaye leo ameshika karatasi kama ile na hajui aanzie wapi. Nawaandikia pia wenye nyumba wanaotupangisha vyumba vilivyopakwa rangi juu ya rangi, hakuna anayekumbuka ya kwanza ilipakwa lini wala ilikuwa na nini ndani.

Tunaishi Changamwe, Mombasa. Chumba chetu kilikuwa gereji kabla mwenye nyumba hajakigawa kwa ukuta wa matofali. Sehemu ya mbele ndipo ninaposhonea, ya nyuma ndipo tunapolala. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Akishapakia kontena bandarini, kurudi kwake kunategemea foleni ya mpakani Malaba. Gereji iligeuka makao, lakini mlango wake haukubadilishwa. Ni ule mlango wa shata, wa mabati membamba yaliyopindwa na kuchomekana moja kwenye jingine, unaojiviringisha juu ya bomba ukiusukuma. Huo ndio mlango wetu wa mbele. Asubuhi nausukuma juu, cherehani inapata mwanga na wateja wanaingia. Usiku nauvuta chini natia kufuli.

Rangi yake ya juu ilikuwa buluu, imepauka kwa sababu mlango unaelekea magharibi na jua la alasiri unalipokea lote. Palipobanduka ilionekana kijani, chini ya kijani njano kali ya matangazo ya biashara, na chini kabisa nyekundu iliyofifia. Kila aliyepita pale na shughuli yake alipaka yake juu ya mwenziwe akaenda zake.

Kitinda mimba wangu alikuwa na mwaka na nusu alipoanza kubadilika. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa maneno. Alijua kuita mama, alijua kuomba maji, alimwita kuku na alimwita paka, na kila bodaboda iliyopita aliipungia mkono. Maneno yakasimama. Hayakupungua polepole, ilikuwa kana kwamba mtu amemwambia anyamaze. Akawa analia kwa kujikunja, ameshika tumbo. Siku zinapita hajaenda choo. Chakula akikiona anageuza uso. Viganja vyake vikawa vyeupe, na usiku akawa halali mpaka nimbebe mgongoni nizunguke naye chumba kizima.

Kwenye zahanati walimpima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya minyoo. Wakaona damu ni pungufu, wakampa dawa ya maji ya kuongeza damu. Majirani wakasema ni kijicho, mtoto alikuwa mzuri mno na mwenye kusema mapema. Mama mkwe wangu akaja kutoka Likoni na kombe alilochorewa na mwalimu, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe huku machozi yanamtoka. Nilimshukuru na bado namshukuru. Mtu anayemwombea mwanao dua amekupa alichonacho. Lakini mtoto aliendelea kukauka mikononi mwangu, na baba yake alikuwa njiani, simu inashika na kukatika.

Daktari aliyetuokoa tulimpata kwa kuelekezwa na mteja wangu mmoja. Alimtazama mtoto, akamtazama kinywani, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa na mganga yeyote. Je, kuna mtu nyumbani anayefanya kazi ya betri? Kuna mvuvi anayeyeyusha risasi ya kutengeneza chubwi za nyavu? Mtoto anapakwa wanja? Tunapikia sufuria za aina gani, za kiwandani au za mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu? Nyumba ni ya zamani? Rangi inabanduka? Mtoto anatia vitu kinywani? Alipomaliza akatoa damu, sampuli ikapelekwa Nairobi.

Majibu yalikuja na tarakimu 23. Maana yake, katika kila desilita ya damu yake mlikuwa na mikrogramu 23 za risasi. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 5 tu, chanzo lazima kitafutwe na kuondolewa. Linasema pia hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama. Dawa za kuivuta sumu itoke mwilini hupewa mtoto aliyefika 45 na zaidi, kwa sababu zenyewe ni kali na zina madhara yake. Mwanangu alikuwa katikati: sumu ni nyingi ya kumharibu, na haijafika ya kutibiwa hospitalini. Ndiyo maana daktari akasema dawa iko nyumbani.

Watu wa Mombasa hatulisikii neno risasi kama wanavyolisikia wengine. Kwa mguu tu kutoka kwetu kuna mtaa wa Owino Uhuru, pale Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatia sumu wakazi. Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda hicho, na mwanawe mchanga akalazwa, madaktari wakatafuta ugonjwa hapa na pale, hatimaye damu ikaonyesha risasi. Akapigana mpaka kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 dunia ikampa Tuzo ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo Desemba 2024 baada ya kutenguliwa katika rufaa. Daktari alinambia wazi kwamba kabla ya Owino Uhuru asingefikiria kipimo kile. Kwa hiyo mwanangu ana deni kwa wanawake wa mtaa ule, ambao wamezika watoto na wengine hawajaona senti. Nataka hilo liandikwe.

Tulianza na vilivyo rahisi. Wanja wa mama mkwe, uliotoka kwa bibi yake na kuletwa kwa watoto wote wa ukoo, aliutupa mwenyewe nilipomweleza kwamba aina nyingine za wanja husagwa kutokana na jiwe lenye risasi. Hakubishana. Alisema tu, "Mkwe wangu, mimi namtaka mjukuu, wanja nitaupata mwingine." Sufuria mbili za mafundi nikazitoa jikoni. Kisha akaja afisa wa afya ya umma, kijana mpole, na vijiti vya kupimia vinavyogeuka vyekundu vikigusana na risasi.

Alikwangua kidogo kidogo mpaka akafika kwenye ile njano, akasugua kijiti. Kiligeuka chekundu mbele ya macho yangu, hata hakikungoja. Alinieleza kwamba njano kali za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi na kromu, kwa sababu hung'aa na hazipauki upesi juani. Ndizo zilizopendwa kwa mabango na milango ya maduka.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililonifumbua macho. Akatandika kitambaa cheupe kizingitini, akaniambia, "Mama, fungua mlango kama unavyofungua kila siku." Nikausukuma juu, nikauvuta chini, nikausukuma tena. Akaninyooshea kile kitambaa. Kilikuwa na unga mwembamba, wa kibuluu na kimanjano, kama vile mtu amenyunyizia poda. Mbavu zile za bati zinaposuguana kwenye maungio wakati wa kujikunja kwenye bomba, zinasaga rangi. Vipande vikubwa vinavyobanduka unaviona na kuviokota. Unga huu huuoni. Ulikuwa ukinyesha kila asubuhi na kila magharibi kizingitini pangu, na kizingitini ndipo mwanangu alipokaa, maana ndipo penye upepo na ndipo nilipoweza kumwona nikiwa kwenye cherehani. Mtoto wa umri ule, mkono na kinywa havitengani. Na tumbo la mtoto hunyonya risasi mara nne au tano kuliko la mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile.

Nikaenda kwa mwenye nyumba. Nilimkuta barazani kwake, nikamsalimu kwa adabu, nikamweleza yote, nikamwonyesha karatasi. Akasema rangi ni rangi, nyumba ile anayo miaka na hakuna mtoto aliyekufa. Nikimuona hanifai, nihame. Kuhama Mombasa ni kodi ya mwezi, amana ya mwezi na gari la vyombo, na pesa zetu zilikuwa zimekwishia kwenye nauli na vipimo. Nilikaa pale bila kuinuka mpaka akasema, "Basi fanyeni mtakalo na huo mlango, lakini kwa gharama zenu." Nasema leo kama nilivyosema siku ile mbele yake: ni dhuluma kumpangisha mtu sumu kisha umwambie ajisafishie. Afisa aliniambia Sheria ya Afya ya Umma inaruhusu mwenye nyumba apewe ilani aondoe kinachodhuru wapangaji. Najua sasa, na nawaambia wengine. Lakini ilani ina siku zake na mahakama ina miezi yake, na unga ulikuwa unanyesha leo.

Habari ikaenea mtaani na kila mtu akaja na njia yake, wote kwa nia njema. Fundi wa kuchomelea wa jirani akaja na grenda yenye brashi ya waya. "Dada yangu, nipe asubuhi moja tu, utauona mlango mpya." Bila yale niliyofunzwa na afisa ningemkubalia, maana hakutaka hata malipo. Grenda ingeipiga ile rangi yote ikawa vumbi, ikaingia kwangu, kwa jirani, kwenye maji ya mama wa viazi karai aliye mkabala, na watoto wa mtaa mzima wangeivuta. Mwingine akataka kutumia mtungi wa gesi, aibabue ibanduke. Moto ule huitoa risasi kama moshi, ukavutwa pumzini moja kwa moja. Tena bati la shata limepakwa zinki kuzuia kutu, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi. Mwali wa gesi unapita hapo mara nyingi. Ungeharibu mlango na kumpa mchomaji homa ya moshi. Shoga yangu anayetengeneza sabuni akaniletea kostiki soda. Soda ile inakula rangi ya mafuta kweli, lakini inakula na zinki pia, na inapoila hutoa gesi inayoshika moto. Wote niliwashukuru, nikawakatalia.

Aliyejua kazi ni kaka yangu. Kwa miaka amefanya kibarua cha kubandua rangi na kutu kwenye meli zinazoletwa matengenezo hapa Mombasa, na huko wamefunzwa kwa kuugua. Alipofika aliugusa mlango kwa kucha, rangi ikainuka kipande kizima kikubwa kama kiganja. Akaniambia, "Dada, waliopaka wa kwanza walipaka rangi ya mafuta juu ya zinki tupu. Zinki na mafuta havikai pamoja. Huko chini inageuka sabuni, rangi inaachia. Hii yote itatoka, ila tuitoe ikiwa mbichi. Ukikwangua kavu unaila." Alikuja na barakoa mbili za kazi, zile zenye vichujio mashavuni, si vitambaa vya wakati wa korona, kwa kuwa vitambaa vile havizuii vumbi la risasi.

Kwanza mtoto aliondoka. Mama mkwe alimchukua Likoni, na mimi ndiye niliyempeleka mpaka upande wa pili wa kivuko. Alikuwa hajawahi kulala mbali nami. Alinililia mpaka sauti ikapotea kwenye kelele za watu wa feri, nami nikarudi Changamwe nikiwa nimebana meno. Sitaki kuongeza neno hapo. Mama yeyote anajua.

Ilikuwa kaskazi, joto la kukatisha roho. Mlango wetu unaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi uko kivulini, na tukawa tunaanza mara baada ya swala ya alfajiri na kuacha kabla jua halijauzunguka. Tulifunga mlango mpaka chini. Kaka alinikataza kabisa kugusa bomba la juu na springi zake, maana ndizo zinazobeba uzito wa mlango, na springi iliyofunguliwa ovyo huvunja mkono. Tukatandaza nailoni nene chini, mita mbili nje ya kizingiti, tukazikunja kingo zake zisimame kama ukuta mdogo. Mashine na nguo za wateja zilikuwa zimeshahamishiwa kwa jirani.

Dawa ya kutoa rangi kaka aliichagua mwenyewe kwa kusoma mkebe. Zipo zenye kemikali iitwayo metilini kloraidi. Zinatoa rangi kwa dakika chache lakini mvuke wake unaua kwenye chumba kilichofungwa, na Marekani iliamuru mwaka 2019 zisiuzwe kwa mtu wa kawaida kwa sababu ya vifo. Yetu ilikuwa ya jeli, ya polepole. Unaipaka kwa brashi mbavu chache kwa wakati, nene, kisha unaifunika kwa nailoni nyembamba ya kufungia vyakula isikauke kwa joto. Unasubiri. Ukiifunua, rangi imevimba na kukunjamana. Hapo ndipo unapoishusha kwa skrepa, taratibu, huku mwenzako ananyunyizia maji kwa chupa ya dawa ya mbu, na kila kinachotoka kinaangukia kwenye beseni. Kipande kimoja nilikigeuza ubavu nikakitazama kwenye mwanga: buluu, kijani, njano, nyekundu, mstari juu ya mstari, wembamba wa wembe. Njano ndiyo ilikuwa nene kuliko zote.

Bapa za mbavu zilikuwa rahisi. Tabu ilikuwa kwenye maungio, pale bati linapojikunja kuingia kwenye jenziwe, na ndipo palipokuwa muhimu kuliko kwingine, kwa kuwa ndipo unga ulikotoka. Skrepa haifiki. Nilitumia ncha ya kijiko cha zamani alichokipinda kaka, mswaki mgumu na pamba ya chuma iliyoloweshwa, ungio kwa ungio, kutoka reli ya kushoto mpaka ya kulia. Jasho lilijaa ndani ya barakoa mpaka likawa linamiminika kidevuni. Vidole vilikufa ganzi ndani ya glavu. Na kila ungio lililosafika nililifuta kwa kitambaa kibichi, nikakitazama, nikafuta tena kwa kingine mpaka kitoke cheupe.

Chini kabisa mlango una ukingo mnene wa chuma, wa kushikia. Alasiri jua likipiga nilizoea kuuteremsha mlango mpaka usawa wa paja langu, kivuli kipatikane. Nilipofika kwenye ukingo ule, upande wa kulia karibu na cherehani ilipokaa, niliona rangi imemong'onyolewa. Nikainama. Zilikuwa alama za meno, nne, ndogo, zimepangana vizuri, na chini yake ile njano inang'aa kwa kulambwa. Nilimwita kaka. Akapiga magoti, akatazama, akavua barakoa yake akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Mimi sikuvua yangu. Nilipaka jeli pale juu ya yale meno, nikafunika, nikasubiri, nikakwangua mpaka zinki ikatoka nyeupe.

Tulipomaliza nje tukafanya ndani, mlango wa nyuma ukiwa wazi na feni inasukuma hewa kutoka. Kuna mbavu chache ambazo hata mlango ukiwa umefungwa hubaki zimejiviringisha kwenye bomba; hizo hazifikiki bila kuushusha mlango wote, kazi ya fundi wa springi. Tulizifuta kwa maji tulivyoweza, kisha kaka akalijengea bomba sanduku la plaiwudi lililozibwa kingo zake, ili kitakachosagika huko kisianguke kwetu. Si kamili, lakini ndiyo iliyowezekana, na afisa aliikubali.

Magamba yote, nailoni, vitambaa na glavu tulitia kwenye mifuko miwili miwili, tukafunga ndani ya ndoo zenye vifuniko. Havikwenda jaani, ambako takataka huchomwa moto na watoto huokota vyuma. Kaka alivipeleka kazini kwao, ambako wachukuzi wa taka za sumu wenye leseni huja na lori. Nguo zetu za kazi nilizifua peke yake. Sakafu tukaipiga deki kwa sabuni, tukamwaga maji, tukapiga kwa maji mengine safi, kuta mpaka usawa wa kichwa vilevile. Tangu siku ile fagio kavu halijaingia chumbani mwangu. Fagio kavu linalirusha vumbi hewani lishuke tena mahali palepale.

Kupaka upya hakukuchukua muda. Tuliuosha mlango kwa sabuni, tukaufuta kwa siki ili zinki ipoteze utelezi, tukasuuza, ukakauka. Praima ya maji ya mabati yenye zinki, kisha rangi ya maji juu yake, nyembamba, kwenye bapa tu. Maungio tuliyaacha wazi yasiwe na cha kusagwa. Kenya sasa imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni kwenye rangi, na mkebe nilioununua una alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Niliutazama dukani kabla sijatoa pesa.

Muda wote ule nilikuwa nikivuka kwenda Likoni kila nilipopata nafasi, nimeoga, nimeosha nywele, nimebadili mpaka viatu. Mama mkwe alishika maagizo ya daktari kuliko mimi. Mtoto asikae na njaa, kwa sababu tumbo tupu hunyonya risasi zaidi. Apate chokaa ya mwili na madini ya chuma kwa wingi, maana mwili usipovipata huipokea risasi mahali pake. Kwa hiyo ni uji wa wimbi na maziwa, dagaa waliosagwa na miiba yao, mchicha, maharage, na chungwa baada ya kila mlo. Alimlisha kidogo kidogo siku nzima kama kifaranga, na akimaliza anamsafisha mikono kwa sabuni hata kama haijachafuka.

Mtoto alirudi nyumbani baada ya afisa kuja tena na kile kitambaa cheupe. Nikaufungua mlango mbele yake, nikaufunga, nikaufungua. Kitambaa kilitoka kama kilivyoingia.

Damu haisafiki kwa siku moja. Risasi hujificha mifupani na kutoka pole pole, na daktari alinionya nisitarajie miujiza. Kipimo kilichofuata kilikuwa 14. Kilichofuata 9. Cha mwisho kilikuwa 4, na siku hiyo mume wangu alikuwepo, amekaa kwenye benchi la hospitali na mtoto mapajani, akaniomba nimsomee ile tarakimu tena. Tumbo lilitulia mapema, usingizi ukarudi, viganja vikapata damu. Maneno yalichelewa kuliko vyote. La kwanza kurudi lilikuwa "feri". Alilitoa siku tunavuka kwenda kwa bibi yake, akinyoosha kidole, na mama mkwe alipoambiwa alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Sidanganyi kwamba yamekwisha. Risasi ikigusa ubongo wa mtoto, kilichoharibika hakirudishwi na dawa, na hakuna daktari anayeweza kuniambia leo kimechukua kiasi gani. Anaongea, anacheza, anagombana na wenziwe kama mtoto yeyote. Akianza shule nitamwambia mwalimu wake yaliyompata, amtazame kwa makini, na akihitaji msaada aupate mapema.

Milango ya aina yetu iko mingi, ya maduka, ya gereji, ya vibanda vya M-Pesa, na mingi ina watoto wanaocheza kizingitini mama zao wakiuza au kushona. Kama wako ni mmoja wao na rangi yake ni ya zamani, usiikwangue kavu, usiichome moto, usimruhusu mtu aipige grenda. Futa kizingiti kwa kitambaa kibichi kila siku, umhamishie mtoto mahali pengine pa kuchezea, umwite afisa wa afya wa eneo lako, na umwombe daktari kwa jina kipimo cha risasi katika damu, hasa mtoto akiwa hajatimiza miaka sita. Na wewe mwenye nyumba, mlango ni wako na wajibu ni wako: utoe ile rangi kabla hujachukua amana ya mpangaji mwenye mtoto.